Waya wa akseleta au akseleta ya umeme kwenye gari za gia za mkono: mguu wako unasemaje?

#1 Wayamkavu

Wakuu, heshima kwenu.

Miaka 14 nimeendesha gari ya waya. Waya kweli kweli: unakanyaga pedali, uzi wa chuma unavutwa ndani ya ganda lake, unageuza kile kipepeo kwenye mdomo wa injini, hewa inaingia, gari inaitika. Miezi mitatu iliyopita niliiuza nikachukua nyingine, nayo ya gia za mkono ila mpya zaidi, yenye akseleta ya umeme. Tangu siku hiyo naendesha kama mtu aliyepata leseni jana.

Kero ni mbili. Ya kwanza ni kuondoka. Ile ya zamani nilikuwa nimeisoma: unene wa kidole wa kwanza wa pedali ulikuwa wa salamu tu, mguu ukipita hapo injini inaanza kupanda taratibu, ikifika mizunguko 1500 kwa dakika (RPM) naachia klachi na gari inaondoka kama mashua. Hii ya sasa haina salamu. Ukiigusa tu RPM iko 2500, ukishtuka ukaachia, inazima katikati ya foleni na honi zinaanza.

Ya pili ndiyo inayonitoa jasho. Natoka gia namba moja kwenda mbili: naachia mafuta, nakanyaga klachi, RPM haishuki. Inaganda pale pale 2800 kama inatafakari. Kuna wakati hata inapanda kidogo ndipo ikumbuke kushuka. Nikiachia klachi kwa mwendo wangu wa kawaida, abiria wote wanaitikia kwa vichwa. Mke wangu ameshaniuliza kama nilijifunza gari au niliota.

Swali: ndivyo akseleta za umeme zilivyo, au gari yangu inaumwa? Na nyie mlioendesha zote mbili, mngechagua ipi? Wa otomatiki leo pumzikeni, huu uzi ni wa wenye kazi ya mguu wa kushoto.


#2 GiaTano

Waya. Asubuhi, mchana na usiku. Mimi sitaki kompyuta ijadiliane na mguu wangu.

Naweka kiti hapa nisubiri mafundi.


#3 FundiSpana

Mkuu Wayamkavu, umeweka magonjwa mawili kwenye chupa moja. Ngoja niyatenganishe.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Kwenye ya umeme, pedali yako haijaunganishwa na injini kwa kitu chochote kinachovutika. Juu yake kuna sensa mbili zinazotoa volti, na kwa makusudi hazitoi volti sawa. Mara nyingi moja inatoa nusu ya mwenzake. Kompyuta inazilinganisha muda wote, na zikitofautiana inajua kuna moja inayodanganya. Ikiridhika, inatuma umeme kwenye mota ndogo iliyoko kwenye throto bodi (lile koo la hewa lenye kipepeo), mota inazungusha gia mbili tatu, nyingi za plastiki, ndipo kipepeo kinafunguka. Kipepeo nacho kina sensa mbili za kurudisha jibu: nimefika.

Sasa jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi. Kwenye magari mengi ya kisasa pedali haiombi hata kipepeo kifunguke kiasi fulani. Inaomba toki, yaani nguvu ya kuzungusha. Ukikanyaga robo, kompyuta inasoma "dereva anataka nguvu kiasi hiki", halafu yenyewe inaamua kipepeo kikae wapi na cheche iwahi au ichelewe. Ndiyo maana pedali ile ile, kwenye gari ile ile, ikiwa kwenye hali ya spoti inaruka na ikiwa kwenye hali ya kubana mafuta inasinzia. Hakuna kilichobadilika kwenye chuma, ni jedwali tu la hesabu ndani ya kompyuta limebadilishwa.

Kero yako ya kwanza iko hapo. Watengenezaji wengi hupanga jedwali liwe kali mwanzoni, mtu akijaribu gari aone ina nguvu. Raha kwa otomatiki. Kwa mwenye klachi ni adhabu, maana sehemu anayoihitaji kuliko zote ni ile ya mwanzo kabisa ya pedali, na ndiyo iliyobanwa.

Ila GiaTano asifurahi bado. Waya nao haukuwa mkweli kama mnavyousifu. Ile gurudumu ndogo inayovutwa na waya pale kwenye throto bodi, itazameni vizuri: gari nyingi si duara kamili, imechongwa kama konokono ili kipepeo kianze polepole kisha kikimbie. Hilo ni jedwali pia, limeandikwa kwa chuma. Na kipepeo chenyewe kwa asili hakiendi sawasawa. Injini ikiwa RPM ya chini, ukikifungua kiasi kidogo tu hewa inayopita tayari inaitosha, pedali iliyobaki unakanyaga kwa kujifurahisha.

Kero ya pili, RPM kuganda, nitarudi. Kuna gari imeningoja juu ya jeki.


#4 DerevaWaZamani

Wakati fundi yuko chini ya gari, niwape upande wa pili wa hiyo waya mnayoiimba.

Mwaka fulani waya wangu ulikatika safarini, usiku, na mvua. Haukukatika ghafla. Wiki mbili kabla pedali ilikuwa nzito, inakwaruza mguuni kama unakanyaga mchanga, nikajisemea nitaupaka mafuta wikiendi. Wikiendi haikufika. Nilipofungua chini ya dashibodi na tochi mdomoni nikakuta nyuzi zimechanuka kama ufagio, umebaki uzi mmoja, nao ukanikatikia mkononi.

Nilifikaje nyumbani? Nilifungua boneti nikaikaza skrubu ya sailensi (ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) mpaka injini ikawa inanguruma kama 1800 peke yake. Halafu nikaendesha kwa klachi na breki tu. Gia namba moja, mbili, tatu, bila kugusa mafuta maana hayakuwepo. Tambarare nilikuwa mfalme. Kila kilima niliomba dua.

Lakini nilifika. Hiyo ndiyo hoja yangu. Akseleta ya umeme ikigoma, skrubu ya kukaza iko wapi?


#5 MamaKlachi

Mzee wangu, shikamoo. Simulizi tamu lakini umejijibu mwenyewe: ya umeme haina uzi wa kukatika.

Mimi niko upande wa umeme na sioni haya. Njia yangu ya kila siku ni vilima na foleni, yaani nasimama kwenye mwinuko na gari iko nyuma yangu imenibana. Kwenye gari ya waya ilikuwa ni hesabu: breki ya mkono, mafuta, klachi, tegea injini ilie kidogo, achia. Kwenye hii ya umeme nagundua kompyuta inanishika mkono. Nikiachia klachi polepole na RPM ikataka kuzama, yenyewe inafungua hewa kabla injini haijazima. Tambarare naondoka bila kugusa mafuta kabisa. Wayamkavu, umejaribu hivyo? Tafuta sehemu iliyo wazi na tambarare, usikanyage mafuta hata kidogo, achia klachi taratibu mpaka gari itambae. Rudia mara ishirini. Utaijua klachi yako inashika wapi, na nusu ya kero yako ya kwanza itakuwa imekwisha, kwa sababu nahisi unakanyaga mafuta mengi kwa kuwa hujui klachi mpya inashika wapi.

Kingine: ukiwasha kiyoyozi kwenye ya waya sailensi inatikisika. Hii haitikisiki.


#6 GiaTano

Dada, kompyuta inayokushika mkono leo kesho itakukanyagia mafuta. Mmesahau zile Toyota za 2009 na 2010 zilizokuwa zinakimbia zenyewe, magari mamilioni yakarudishwa?


#7 Mdadisi

Hatujasahau, ila malizia hadithi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliwaita wahandisi wa NASA waichambue mifumo hiyo, na ripoti ilipotoka Februari 2011 hawakukuta kasoro ya umeme inayoweza kufungua kipepeo kwa nguvu kubwa kiasi cha kuleta ajali zile. Walichobaki nacho ni vitu viwili: pedali zilizokuwa zinanata na kuchelewa kurudi, na zulia la miguuni lililokuwa linaingia na kuikamata pedali. Vyote viwili ni vya kushikika kwa mkono. Zulia linakamata pedali ya waya vile vile.

Ubishi haukuishia pale, mahakamani mwaka 2013 kulikuwa na wataalamu waliosema programu yenyewe ilikuwa na mashimo, na baraza la mahakama huko Oklahoma liliwasikiliza. Kwa hiyo simwambii mtu alale usingizi wa pono. Ila "zilikimbia zenyewe kwa sababu ya umeme" si kauli ya kuitoa hivi hivi kama jambo lililothibitishwa.


#8 GiaTano

Sawa, nimelipokea la zulia. La Oklahoma nalihifadhi.


#9 FundiSpana

Nimerudi. DerevaWaZamani, shikamoo, nijibu la skrubu.

Ndani ya throto bodi ya umeme kuna springi zinazokiweka kipepeo kwenye nafasi ya dharura. Umeme ukikata, hakifungi kabisa wala hakifunguki. Kinabaki wazi kwa ufa mdogo, injini inanguruma juu kidogo ya sailensi ya kawaida, na unatambaa mpaka pembeni au kwa fundi. Yaani ile kazi uliyoifanya kwa bisibisi kwenye mvua, wao wameiweka kiwandani. Sensa za pedali zikigombana, taa ya injini inawaka, nguvu inabanwa, na ukipima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari utakuta msimbo P2138. Za kwenye kipepeo zikigombana ni P2135. Kinachoniudhi ni kwamba watu wakiona hiyo misimbo wanakimbilia kununua throto bodi nzima, wakati mara nyingi ni soketi imeingia kutu au waya umekatika ndani ya plastiki yake. Kagua soketi kwanza!

Na la usafi, kwa kuwa nimeshakaa: throto bodi ya umeme usikisukume kipepeo kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Zile gia za plastiki hazikusamehe, na mota ikikuwahi kidole nacho hakitakusamehe. Usisugue ule upako wa kijivu ukingoni, si uchafu. Ukimaliza, sailensi inaweza kukaa juu kwa sababu kompyuta ilikuwa imezoea kipepeo kichafu. Magari mengine yanajifunza upya yenyewe, mengine kama Nissan nyingi yana utaratibu wake wa kuyafundisha.

Sasa RPM kuganda. Ukiachia mafuta ghafla kipepeo kikajifunga kwa kishindo, mvuto ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) unapanda ghafla. Kuta zake zina utando wa petroli, ule utando unapaa wote kwa mpigo, hewa ya kuuchoma haipo, na moshi mchafu unatoka. Sheria za moshi hazitaki. Kwa hiyo kompyuta inafunga kipepeo polepole. Hilo si geni hata kwa waya: gari za zamani nyingi zilikuwa na kikopo kidogo cha mpira kinachoipokea mkono wa throto mwishoni ili isijifunge kwa kishindo. Kazi ile ile. Tofauti ni kwamba kikopo ulikiona na ungeweza kukilegeza. Jedwali hulioni.

Ongeza na flaiwili, lile gurudumu la mwisho wa injini linaloshikwa na klachi. Gari mpya nyingi zina flaiwili nzito ya vipande viwili ili kuua mtikisiko, na kitu kizito kikishaanza kuzunguka hakina haraka ya kutulia.

Lakini mkuu, umesema RPM yako wakati mwingine INAPANDA ukikanyaga klachi. Hiyo sijaipenda. Gari yako ina kruzi kontroo, ile ya kushikilia mwendo bila mguu? Kama ipo, nenda barabara iliyo wazi, iweke, halafu kanyaga klachi bila kugusa kingine. Niambie inakata au haikati.


#10 Kisigino

Mmefika mahali pangu. Mimi ni wa wikiendi, gari ndogo ya viti viwili, gia za mkono, na nimemiliki zote: Mazda MX-5 ya kizazi cha pili yenye waya, kisha ya kizazi cha tatu ambayo ndiyo ya kwanza kwao kuwa ya umeme.

Kwa wapenda historia: watu wengi wanadhani haya ni mambo ya juzi. BMW waliiweka kwenye 750iL yao ya silinda 12 mwishoni mwa miaka ya 1980. Corvette ikaipokea 1997. Porsche 911 ile ya kizazi cha 996 ni ya kuchekesha, maana matoleo ya mwanzo ni ya waya, kuanzia modeli za 2000 ni ya umeme, na mpaka leo kuna wanunuzi wanaotafuta ya mwanzo kwa sababu hiyo tu. Honda S2000 ilidumu na waya mpaka modeli za 2005. Na zipo baadhi ya Toyota na Lexus za mwishoni mwa miaka ya 1990 ambazo ukifungua boneti unaona waya kabisa unaingia kwenye throto bodi, unashangilia, kumbe mwisho wake ni sensa. Waya unavuta sensa, sensa inaambia kompyuta, kompyuta inaamuru mota. Waya wa maonyesho! Kwa hiyo usinunue gari kwa kuona waya tu.

Kwa nini walihama wote? Si kwa ajili ya mguu wako. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza unahitaji kukupunguzia nguvu hata kama wewe umekanyaga mpaka chini. Kwenye waya ilibidi waweke kipepeo cha pili mbele ya kile cha dereva, au wakate cheche. Kwenye ya umeme ni mstari wa programu. Marekani ikalazimisha mfumo huo kwenye magari mapya kuanzia modeli za 2012, Ulaya ikakamilisha 2014, na waya ukazikwa hapo.

Sasa hisia. Kushuka gia kwenye kona, nafunga breki kwa vidole vya mguu na kupiga mafuta kidogo kwa ubavu wa mguu ili RPM ipande ikutane na gia ya chini. Kwenye ya waya hiyo pigo ilikuwa kama kupiga ngoma: piga, sauti. Kwenye ya umeme ni kama kupiga ngoma iliyo chumba cha pili. Si kwamba imechelewa sana, imechelewa kiasi cha mguu kugundua. Nilihangaika nayo kama mwezi, nikajikuta nabonyeza kwa kina zaidi na mapema zaidi, na siku moja nikagundua sihangaiki tena.

Kuna kitu kibaya zaidi kwetu wa kisigino. Baada ya lile sakata la Toyota, magari mengi yaliwekewa programu inayosema: breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, sikiliza breki. Ni jambo zuri kwa usalama, sibishi. Ila kwenye baadhi ya gari ukipiga mafuta huku umeshika breki kompyuta inakaa kimya. Unaachia klachi, magurudumu ya nyuma yanapiga yowe. Nyingine zimepangwa vizuri, zinaruhusu ukianza na breki. Ijaribu kabla hujanunua.

Na tukisema haki, bila umeme usingepata zile gari zinazokupandishia RPM zenyewe ukishusha gia. Nissan 370Z ya 2009 ndiyo iliyoanza hilo kwenye gia za mkono. Niliendesha ya rafiki. Kila gia ilikuwa safi kuliko yoyote niliyowahi kuingiza mimi kwa miaka yote. Nilishuka nikiwa na wivu na gari.


#11 Mchovu_wa_Foleni

Na sisi wa dizeli tuna haki humu?


#12 FundiSpana

Dizeli hamna kipepeo cha kuongezea nguvu, nguvu yenu inatoka kwenye kiasi cha dizeli kinachopigwa. Za zamani waya ulikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa pampu. Tangu zilipokuja za reli moja ya presha kubwa (common rail, bomba moja linalolisha silinda zote dizeli), Alfa Romeo 156 ilianza nazo 1997, pampu inasikiliza kompyuta, pedali ya umeme ikawa lazima. Uzuri dizeli ina toki ya chini, unaondoka bila mafuta, malalamiko ya Wayamkavu hamyajui. Pumzikeni.


#13 Wayamkavu

Wakuu nimerudi na majibu.

MamaKlachi, nimefanya zoezi lako. Mara ya kwanza nimezima mara sita, watoto wa jirani wakaja kutazama. Kufikia ya kumi na tano gari inatambaa bila mafuta. Na kweli, klachi hii inashika juu kabisa, karibu na mwisho wa kuachia, wakati ile ya zamani ilishika chini. Nilikuwa nakanyaga mafuta mapema wakati klachi haijagusa chochote.

FundiSpana, wewe ni mchawi. Niliweka kruzi kwenye 80, nikakanyaga klachi. Haikukata. Injini ikapaa mpaka 4500 nikatoa klachi kwa hofu. Hii maana yake nini?


#14 FundiSpana

Maana yake kompyuta haijui kwamba umekanyaga klachi.

Juu ya pedali ya klachi kuna swichi. Usidanganyike kwamba ni nzima kwa kuwa gari inakubali kuwaka ukikanyaga klachi: gari nyingi zina mbili. Ya chini inaruhusu stata, ya juu inaiambia kompyuta "dereva ameachanisha injini na gia". Hiyo ya juu ikifa, kompyuta inadhani bado uko kwenye gia, na mtu akiachia mafuta akiwa kwenye gia inapunguza nguvu taratibu ili gari isitikise watu. Wewe huku umeshaachanisha. Ile nguvu inayopunguzwa taratibu haina cha kusukuma, inaipandisha injini bure.

Pima kwa mashine, tafuta hali ya klachi kwenye orodha ya data, kanyaga uone kama inabadilika.


#15 GiaTano

Kwa hiyo swichi ndogo kama jino imemfanya mtu achukie teknolojia nzima kwa miezi mitatu.

Hata hivyo nasimama na waya. Waya hauna swichi.

Kuna mtu ananishawishi juu ya vile vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi ya pedali, eti gari inapata nguvu. Ni kweli?


#16 FundiSpana

Nguvu haiongezeki hata chembe. Kinachokuja ni kuidanganya kompyuta: umekanyaga asilimia 20, chenyewe kinasema 40. Ukifika mwisho wa pedali uko pale pale. Kwa gari iliyopangwa kusinzia kinaweza kukufurahisha, lakini kwa gia za mkono kinakula ile sehemu nyembamba ya mwanzo niliyoisema, na kuondoka kunakuwa kugumu zaidi. Vipo vinavyoweza kupangwa upande wa upole, hivyo naweza kumwelewa mtu akiviweka.


#17 MamaKlachi

Mimi nilipewa zawadi kimoja. Kiko kabatini.


#18 Wayamkavu

Mrejesho wa mwisho, ni mrefu kidogo mnivumilie.

Swichi ya klachi imethibitika. Kwenye mashine ilikuwa inasoma "haijakanyagwa" hata nikiikanyaga kwa miguu miwili. Nimebadilisha, kazi ya dakika kumi na shingo kuuma siku mbili. Kupanda kwa RPM kumekwisha kabisa. Kuganda kumebaki kidogo, kama nusu sekunde ukilinganisha na sekunde moja na nusu ya mwanzo, na nimegundua dawa yake: naachia mafuta kwanza, tik, ndipo nakanyaga klachi, badala ya vyote kwa pamoja kama nilivyozoea. RPM inaanza kushuka gia ikiwa bado imeshika, na namba mbili inaingia kimya. Mke wangu jana amesinzia njia nzima. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa sikilizeni hili. Jumamosi yule jamaa niliyemuuzia gari ya zamani alinipigia, akasema gari haina mbio, haipandi vizuri. Nikaenda kwa furaha, nikasema leo mguu wangu unarudi nyumbani. Nikakaa, nikawasha, nikaondoka. Ikazima. Nikawasha tena. Ikazima tena. Mimi, na gari niliyoiendesha miaka 14!

Nikafungua boneti. Nikaushika waya kwa vidole viwili pale unapoingia kwenye throto bodi, ukacheza juu na chini kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia jamaa akanyage mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa: kipepeo hakifunguki chote, kinaishia kama robo tatu. Ule unene wa kidole niliouita salamu kwenye bandiko la kwanza, wakuu, ulikuwa waya uliolegea. Umelegea kidogo kidogo kwa miaka, na mguu wangu ukawa unausogelea kidogo kidogo, mpaka nikaona ndiyo tabia ya gari.

Nimechukua spana namba 12, nimelegeza nati mbili, nimevuta ganda la waya, nikaacha mchezo mdogo tu, nikakaza. Akakanyaga tena: kipepeo wazi chote.


#19 GiaTano

Usiseme haya kwa sauti mkuu, tunasomwa. Jamaa akasemaje?


#20 Wayamkavu

Hajasema kitu. Aliondoka kwa kuruka kama chura, akasimama, akaondoka tena kwa kuruka. Nilimpungia nikamwambia atazoea.